Begi, Mwili, Kipande, Uso: Ukaguzi Gani Tuukubali Uwanja wa Ndege?

Shangazi yangu ana chuma gotini, kumbukumbu ya kuanguka ngazini miaka mingi iliyopita. Kila baada ya miezi michache hupanda ndege hapa Mombasa kwenda kumwona daktari wake Nairobi, na kila safari mlango wa kukagulia hulia. Ameshazoea. Kabla askari hajasema neno, yeye huwa ameinua mikono na anatabasamu. "Shikamoo mama, naomba nikupapase kidogo," binti wa usalama humwambia, akampeleka nyuma ya pazia, akampitisha mkono juu ya buibui kuanzia mabegani hadi vifundoni, akafika gotini na kumwuliza kama bado linamsumbua. Dakika mbili, tatu. Akitoka pale hajui jina la yule binti, wala yule binti hajaliandika lake popote.

Mwanawe, yaani binamu yangu, hana chuma mwilini. Yeye ana jina. Jina lenyewe la kawaida kabisa. Liite msikitini siku ya Ijumaa, watageuka watu sita. Katika uwanja mmoja wa ndege, ambao sitautaja, kitambulisho chake kilichukuliwa mara mbili kikaingizwa chumba cha ndani, naye akaambiwa akae kwenye benchi. Mara ya kwanza alikaa nusu saa. Mara ya pili ndege iliondoka. Hakuulizwa swali lolote, begi lake halikufunguliwa, na kitambulisho kiliporudi kilirudi na maneno mawili: "Haya, nenda." Aende wapi, na ndege ishapaa?

Barazani kwetu mjadala huu ukizuka watu hugawanyika kama mashabiki wa mpira. Kuna wanaosema asiye na kosa haogopi kupekuliwa. Kuna wanaosema leo begi, kesho watakufuata chumbani. Mimi huwa sina timu, kwa sababu kazi yangu ya uwakala wa forodha pale Kilindini imenifundisha kwamba neno "ukaguzi" hubeba mambo mengi yasiyofanana. Kontena laweza kupita kwenye skana, laweza kufunguliwa na kukaguliwa kwa mkono, laweza kuachiwa kwa kuaminiwa karatasi zake, na mfumo wenyewe huyapanga makontena kwa rangi: kijani, manjano, nyekundu. Likipigwa nyekundu kwa sababu mwenye mzigo aliwahi kudanganya, mimi hulipia siku za ziada nikanung'unika, basi. Kontena halitahayari. Halina mama anayelisubiri upande wa pili. Shida huanza pale hesabu ile ile inapohamishiwa kwa watu.

Kwa hiyo badala ya kuuliza tuutake usalama au uhuru, nimeziweka njia tano za ukaguzi pembeni kwa pembeni. Na hili si wazo langu. Katiba ya 2010, ibara ya 24, inasema haki ikibanwa lazima iangaliwe kama kuna njia nyingine isiyobana sana ya kufikia lengo lile lile. Yaani sheria yenyewe inatutaka tulinganishe.

Kipimo: asubuhi ya Kikambala

Wa Mombasa hatuhitaji kusimuliwa ugaidi. Tarehe 28 Novemba 2002 gari lenye mabomu liliingizwa hoteli ya Paradise kule Kikambala. Walikufa Wakenya 10 na Waisraeli 3, mbali na washambuliaji wenyewe, na miongoni mwa Wakenya hao walikuwemo wachezaji ngoma waliokuja kuwalaki wageni. Asubuhi hiyo hiyo makombora mawili ya kurushwa kutoka begani yalifyatuliwa kuelekea ndege ya Arkia, Boeing 757, iliyokuwa inapaa kutoka uwanja wa Moi kwenda Tel Aviv ikiwa na abiria 261. Yalikosa. Ingekuwa yamepata, tungekuwa tunaongea lugha nyingine leo.

Waliorusha hawakupanga foleni. Hawakuwa na tikiti wala begi la kukaguliwa. Walikuwa nje ya ua. Sisemi hivyo kuudharau mlango wa kukagulia, la. Nataka tu msomaji awe na kipimo mkononi kila anapoambiwa mashine fulani mpya "itamaliza tatizo". Aulize itamaliza lipi. Swali langu la pili huwa hili: nikishaondoka, nini changu kimebaki kwao? Na la tatu, ambalo binamu yangu analijua kuliko mimi: wakinikosea, nimwendee nani?

Begi

Hii ndiyo njia kongwe na, kwa macho yangu, yenye haki kuliko zote. Skana haijui kabila lako. Inaona uzito na umbo. Halua, kwa mfano, ile nzito ya kufungwa kwenye kikapu cha ukili, huwa ni balaa: kwenye kioo hutokea kama donge zito lisiloeleweka, na nimeona mara nyingi begi la halua likivutwa pembeni wakati la jirani lililojaa nguo likipita. Askari hufungua, hunusa, hucheka, hufunga. Anayeshukiwa pale ni halua.

Sheria ya majimaji nayo ina historia yake. Agosti 2006 polisi wa Uingereza walikamata watu waliopanga kulipua ndege za kuvuka Atlantiki kwa vilipuzi vya majimaji vilivyofichwa kwenye chupa za vinywaji, na tangu hapo safari za kimataifa zikaja na chupa zisizozidi mililita 100. Ndio maana achari ya bibi huishia kwenye pipa la taka. Viatu navyo tulianza kuvuliwa kwa sababu ya Richard Reid, aliyejaribu kulipua kiatu chake angani Desemba 2001; Marekani waliiacha sheria hiyo Julai 2025, miaka zaidi ya ishirini baadaye. Sheria za uwanjani huzaliwa kwa haraka sana na hufa kwa taabu sana, na hilo ni la kukumbuka tutakapofika kwenye kamera.

Je, begi likikaguliwa twalala salama? Si kabisa. Mwaka 2015 ilifichuka kwamba wakaguzi wa siri wa Marekani walijaribu kupitisha silaha na vilipuzi bandia kwenye viwanja vyao mara 70, wakafaulu mara 67. Na hapa jirani, Februari 2016, bomu lililoipasua ndege ya Daallo ilipotoka Mogadishu lilikuwa ndani ya laptopu, na picha za kamera zilionyesha wafanyakazi wa uwanja wakiikabidhi kwa abiria upande wa ndani, akiwa ameshapita ukaguzi. Kwa hivyo ukaguzi wa begi una maana pale tu unapomgusa kila mtu: mheshimiwa na msafara wake, rubani, fundi, mfagiaji, mwenye duka la kahawa. Mkitaka kukaza kamba, anzeni hapo. Hakuna uhuru wa mtu utakaopungua mheshimiwa akiweka mkoba wake kwenye mkanda.

Kituo cha treni cha Miritini wana njia yao ambayo wageni huishangaa. Abiria hupanga mabegi chini kwa mstari, wakarudi nyuma, wakasimama kimya. Mbwa hupitishwa mbio mbio, pua chini, begi hadi begi. Kwa Muislamu mwenye kanzu na mswala ndani ya begi, hapo pana swali, na nimewahi kusimama karibu na mzee aliyekuwa akisoma kitu chini ya pumzi mbwa alipolikaribia lake. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, kavu kwa kavu hainajisi. Ni mate na unyevu ndivyo vinavyodai kuoshwa mara saba, moja kwa mchanga. Mbwa anayenusa bila kulamba hana neno. Lakini ona jinsi jambo lilivyopangwa: mbwa hukagua mzigo, mtu amesimama mbali, wote sawa, hakuna kilichoandikwa. Mimi ningeletewa njia hii na uwanja wa ndege nisingepinga.

Mwili

Mlango wa chuma hauoni kisicho chuma. Siku ya Krismasi ya 2009 Umar Farouk Abdulmutallab alipanda ndege ya kwenda Detroit akiwa na kilipuzi ndani ya chupi, na milango ya chuma haikusema kitu. Baada ya hapo zikasambaa mashine za kupiga picha ya mwili. Zile za mwanzo zilimwonyesha mtu karibu uchi kwenye kioo cha chumba cha pili. Watu walilalamika, bunge la Marekani likaingilia, na kufikia 2013 zikaondolewa viwanjani mwao. Zilizobaki huonyesha umbo moja la katuni kwa kila mtu, na alama pale penye kitu cha kuangaliwa.

Kisa hiki nakipenda kwa sababu kinavunja ule usemi kwamba kila staha ikilindwa usalama unapungua. Mashine ya sasa inatafuta kile kile bila kumvua mtu nguo. Ilibidi tu watu wakatae ile ya kwanza.

Kwetu Pwani staha si jambo la pembeni. Mwanamke wa nikabu hakatai kutambuliwa. Anakataa kufunuliwa mbele ya foleni ya wanaume. Askari wa kike na pazia, gharama yake ni ndogo kuliko ya mashine yoyote iliyonunuliwa. Masharti yangu hapa ni mafupi: anayepapasa awe wa jinsia yako, aseme anachotaka kufanya kabla ya kukigusa, na uwe na hiari ya kuchagua mkono au mashine. Ibara ya 31 ya Katiba inamkinga kila mtu, mwili wake na mali yake, dhidi ya kupekuliwa, kwa hiyo upekuzi wowote una deni la kujieleza. Ukijieleza, kama yule binti wa shangazi, haki na usalama vinakaa chumba kimoja bila kugombana.

Kipande

Wazee wetu bado huita kitambulisho "kipande", na neno hilo halikuja hivi hivi. Chini ya sheria ya kikoloni ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mwanamume Mwafrika wa kuanzia miaka 16 alitakiwa kutembea na karatasi yenye alama za vidole na maelezo ya mwajiri wake, ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Ukikutwa bila hicho, ni kosa la jinai. Kilikuwa cha kumzuia asihame kazi. Usalama ulikuwa wa nani, jibuni wenyewe.

Sasa tulinganishe na begi. Skana inauliza: umebeba nini? Kipande kinauliza: wewe nani? Swali la pili lina faida yake. Linahakikisha aliyekata tikiti ndiye anayepanda, linasaidia kumpata aliyetorokea uwanjani na hati ya mahakama ikimtafuta, na ndege ikianguka familia zinajulikana. Lakini kama kizuizi cha shambulio ni dhaifu mno. Tume iliyochunguza mashambulio ya 11 Septemba 2001 iligundua kuwa watekaji wote 19, isipokuwa mmoja, walikuwa na vitambulisho vya Marekani vya aina fulani. Abdulmutallab alisafiri na pasipoti yake halisi na viza halali. Mtu aliyeazimia kufa hana haja ya kuficha jina.

Upande wa pili wa mizani, kipande hakimwangukii kila mtu sawa. Mpwani anajua safari ya kukipata: cheti cha kuzaliwa, cha baba, cha babu ikiwezekana, kisha kukaa mbele ya wazee wa kamati na kuulizwa ukoo wako mpaka uanze kujitilia shaka mwenyewe. Wamakonde wa Kwale walitambuliwa kuwa Wakenya mwaka 2017 tu, baada ya kufunga safari kwa miguu hadi Nairobi kudai. Wapemba wakasubiri hadi 2023. Februari 2025 Rais alitia saini kule Wajir tangazo la kuondoa uhakiki wa ziada kwa watu wa kaunti za mpakani, hatua kubwa, ingawa tangazo ni kitu kimoja na karani wa dirishani ni kingine. Ukifanya kipande kuwa ufunguo wa kila lango, basi unamfungia nje yule aliyecheleweshwa na ofisi, wala si yule mwenye nia mbaya, ambaye chake kipo mfukoni.

Niko tayari kuonyesha kitambulisho kwenye lango la kupandia ndege: mtu atazame picha, anitazame mimi, anirudishie. Ninapokunja uso ni pale kinapopigwa picha na kuingizwa kwenye daftari kila hatua, kuanzia lango la gari hadi ngazi ya ndege. Kutazamwa kunaisha. Kuandikwa kunabaki.

Uso

Kamera zinazotambua sura hazijawa za kila siku kwa msafiri wa Mombasa kwenda Nairobi, lakini msafiri wa Ulaya ameshakutana nazo. Tangu 12 Oktoba 2025 nchi za Schengen, zile za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka baina yao, zimeanza kuchukua alama za vidole na picha ya uso ya mgeni asiye wa Umoja wa Ulaya anayekwenda kwa muda mfupi, na kumbukumbu hizo kwa kawaida huwekwa miaka 3. Jamaa wanaokwenda kuwazuru dada zetu walioolewa Ujerumani wameanza kutusimulia foleni zake.

Wanaoisifu wanasema ni haraka, haina kupapasana, haina halua kufunguliwa. Kweli. Kwa mtu mwenye haraka na asiye na historia ya kusumbuliwa, naelewa kwa nini ataipendelea.

Lakini tuangalie uso wa nani. Desemba 2019 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa matokeo ya kupima programu nyingi za kutambua sura, ikaona kwamba kwa nyingi ya programu hizo kosa la kumdhania mtu kuwa mwingine lilikuwa kubwa zaidi kwa nyuso za Afrika Magharibi, Afrika Mashariki na Asia Mashariki, na dogo zaidi kwa za Ulaya Mashariki. Tofauti yenyewe ilifika mara 10 hata 100, kutegemea programu. Programu zimeendelea kuboreshwa tangu hapo, lakini mimi kama mnunuzi ningeomba kwanza kuona zilivyopimwa kwa nyuso za Likoni na Mishomoroni, si za Warsaw. Na pasipoti ikivuja utapewa nyingine. Uso ukivuja utakwenda wapi?

Kisheria hatuko mikono mitupu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inauhesabu uso na alama za vidole kuwa data nyeti, inataka tathmini ya athari ifanywe kabla ya mfumo wenye hatari kwa watu kuanza, na ofisi ya Kamishna wa Data ikipokea lalamiko inatakiwa ilimalize ndani ya siku 90. Mahakama nazo zimeonyesha meno. Januari 2020 Mahakama Kuu ilizuia mpango wa Huduma Namba, ule wa namba moja ya utambulisho kwa kila mtu, kuchukua DNA na mahali halisi mtu anapoishi, na Oktoba 2021 ikasema kadi zake zilitolewa bila tathmini hiyo ya athari, kinyume cha sheria. Ila sheria ya data ina mlango wa nyuma: kifungu cha 51 kinaondoa masharti yake pale data inapohitajika kwa usalama wa taifa. Na uwanja wa ndege, ni wapi pasipoitwa usalama wa taifa?

Jina

Tumefika kwa binamu yangu. Njia ya tano ni orodha: jina lako linalinganishwa na majina ya wanaoshukiwa. Kati ya zote tano, hii ndiyo inayoweza kuleta faida kubwa zaidi, na ndiyo inayoumiza zaidi ikikosea. Nitakaa hapa kidogo.

Faida kwanza. Mwaka 2024 mahakama ya New York ilimtia hatiani Mkenya aliyekwenda kujifunza urubani Ufilipino kwa ajili ya al-Shabaab, akipanga kuirusha ndege kwenye jengo. Hakukamatwa kwa skana ya begi. Alikamatwa kwa taarifa. Serikali isiyojua nani ni nani ingemkatia tikiti na kumtakia safari njema.

Sasa hasara. Rahinah Ibrahim, msomi wa Malaysia aliyekuwa akisoma Stanford, alitiwa pingu uwanja wa San Francisco Januari 2005 na baadaye akanyimwa kurudi Marekani. Alikwenda mahakamani. Baada ya miaka tisa jaji akaandika kwamba chanzo ni mpelelezi wa FBI aliyetia alama kwenye kisanduku kisicho chake alipokuwa akijaza fomu. Kalamu tu. Hata Seneta Ted Kennedy, mtu wa ukoo ule, mwaka 2004 alisimulia alivyosimamishwa viwanjani tena na tena kwa sababu jina lake lilifanana na la kwenye orodha. Yeye aliweza kumpigia simu waziri. Binamu yangu angempigia nani?

Na hapa Mombasa tuna kisa chetu. Aprili 2015, baada ya mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa, mashirika mawili ya haki za binadamu ya hapa, MUHURI na Haki Africa, yaliwekwa kwenye orodha ya washukiwa wa kufadhili ugaidi na akaunti zao zikafungwa. Mwaka huo huo Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamuru akaunti zifunguliwe. Wao walikuwa na mawakili.

Lakini la kunikera zaidi liko kwenye kisa cha Abdulmutallab. Aliyemfichua alikuwa baba yake mzazi. Novemba 2009 mzee yule alikwenda mwenyewe ubalozi wa Marekani mjini Abuja kueleza hofu yake kuhusu mwanawe. Jina likaingizwa kwenye hifadhi kubwa ya majina, halikufika kwenye orodha ya kuzuiwa kupanda ndege, na mwezi uliofuata kijana akapanda. Taarifa bora kuliko zote ilitoka kwa mzazi, bure, na ikapotea ndani ya orodha iliyojaa mno.

Fikiria mzazi wa Majengo au Kisauni mwenye hofu kama ile. Ataenda kusema? Ataenda akiamini mwanawe atakamatwa, apelekwe mbele ya hakimu kama ibara ya 49 inavyotaka, na amwone tena. Kama amesikia za vijana waliochukuliwa wasirudi, atanyamaza, atamwombea dua. Kila kijana anayewekwa kwenye benchi bila sababu ana mama, na mama huyo ana shoga zake, na hao ndio wangekuwa macho ya mji. Kwa hesabu hii, kumtahayarisha mtu kwa jina lake ni gharama ya usalama kabla hata hatujafika kwenye haki.

Kwa anayechagua usafiri tu

Kuna msomaji asiyetaka siasa, anataka kujua apande nini. Kwa ndege utakaguliwa begi na mwili, kitambulisho kitatazamwa zaidi ya mara moja, na kila kitu ni haraka isipokuwa jina lako likiwa na balaa. Treni inataka namba ya kitambulisho unapokata tikiti (daraja la kawaida lilipanda hadi shilingi 1,500 Januari 2024), kisha mbwa, skana na kupapaswa. Fika mapema, safari yenyewe ni saa tano au sita. Basi ndilo jepesi unapopandia, pale Mwembe Tayari mara nyingi ni jina, namba na kirungu cha kupimia chuma, lakini ukaguzi wake uko barabarani. Ukielekea Lamu, jitayarishe kushuka na kupanga mstari na kipande mkononi, zaidi ya mara moja. Jua kali, maji yako yachukue.

Mimi ningepanga hivi

Nikiitwa kutoa maoni, ningesema begi likaguliwe kwa ukali wowote mtakao, la kila mtu, na zaidi la wafanyakazi wa ndani na wakubwa. Mwili, ndiyo, kwa staha. Ua na maeneo ya kuzunguka uwanja yalindwe, maana Kikambala ilitufundisha. Kipande kitazamwe langoni mara moja. Uso bado, mpaka tuonyeshwe tathmini na tarehe ya kufutwa. Na orodha ya majina iwepo, lakini iwe fupi, na anayezuiwa apewe karatasi: kwa nini, na nani, na aende wapi kulalamika. Ibara ya 47 inampa mtu anayeathiriwa na uamuzi wa serikali haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Karatasi moja. Hata afisa wa forodha akizuia kontena langu huniandikia.

Ukisimamishwa wewe, usibishane kwa sauti. Hapo ndipo jambo dogo hukua. Uliza kwa adabu kama umekamatwa au uko huru kuondoka. Andika saa, lango na jina la afisa kama amelivaa kifuani. Weka tikiti iliyopotea. Lalamiko lenye saa na tarehe husomwa. Lenye hasira peke yake huwekwa chini ya mengine.

Mwezi ujao shangazi ana miadi na daktari, na safari hii anataka mwanawe awe naye. Treni hawezi, goti halikai saa sita limekunjwa. Binamu naye ndege hataki kuisikia. Nimewakatia tikiti mbili: mama atapaa asubuhi, mwana atatangulia usiku kutokea Miritini, na watakutana mlangoni kwa daktari.